Umechoka Kuliko Kazi Uliyoifanya: Kweli na Uongo Mjini Goma

Goma ni mji wa kutembea na kubeba. Wapo wanaokimbia asubuhi kandokando ya ziwa upande wa Himbi, wapo wanaopanda Mlima Goma, na wapo wengi zaidi ambao hawasemi kamwe kwamba wanafanya mazoezi, ilhali kila siku wanapandisha bidoni la lita 20 juu ya mawe ya volkano au wanasukuma chukudu yenye viazi na makaa. Mwili uliozoea shughuli hizo hulalamika kidogo jioni, ukalala, ukaamka mzima. Ninayemwandikia hapa ni yule ambaye mwili wake umeacha desturi hiyo: nusu saa ya mwendo wa haraka inamlaza siku nzima, ngazi chache zinampa kizunguzungu, bidoni alilolizoea miaka yote sasa linamshinda.

Mazoezi ya kiasi ni shughuli ambayo ukiwa ndani yake unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Mtu akiangushwa na kazi ya kadiri hiyo, sababu ipo. Tatizo ni kwamba mjini kwetu sababu hutajwa kabla ya mtu kupimwa, tena kwa uhakika: ni hewa, ni palu (malaria), ni damu, ni mawazo, ni uvivu, ametupiwa kitu. Baadhi ya majibu hayo ni ya kweli, baadhi ni nusu tu, na mengine yanawagharimu watu fedha na miezi ya maisha yao.

“Goma iko juu, hewa ni nyepesi, ndiyo maana unachoka”

Kwa mgeni, kweli kwa siku za mwanzo. Kwa mwenyeji, uongo.

Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko pwani ya Mombasa. Aliyeshuka jana kutoka Kinshasa ataihisi tofauti hiyo akianza kukimbia, kisha mwili wake utazoea. Mwenyeji ameshazoea tangu zamani. Wakimbiaji mashuhuri wa Kenya huishi na kujifua Iten, karibu mita 2,400, na hakuna anayewaonea huruma. Kilele cha Nyiragongo ni habari nyingine: mita 3,470, ambako oksijeni imepungua kwa theluthi nzima. Huko kila mtu anahema. Ila ukihema hivyo katika mwendo wa kawaida mtaani kwako, usiisingizie milima.

“Uchovu na viungo kuuma ni palu, na isipokuwa palu ni tifoide”

Huenda, ila kipimo ndicho kiseme, nacho kisomwe na mtu anayejua mipaka yake.

Palu huchosha kweli, na mara nyingine uchovu hutangulia homa. Lakini fikiria mtu aliyetibiwa palu wiki mbili zilizopita. Anajaribu kurudi uwanjani, anaishiwa nguvu dakika ya kumi, anarudi kituoni, anapimwa kwa kipimo cha haraka cha tone la damu, nacho kinaonyesha palu tena. Anapewa dawa kwa mara ya pili. Vingi vya vipimo hivyo hutafuta protini inayoachwa na vimelea, na protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Darubini ingeweza kumwambia kwamba amepona. Kinachomchosha chaweza kuwa kitu kingine: palu huvunja chembe nyekundu za damu, na mwili hauzirudishi kwa siku tatu kama dozi inavyokwisha kwa siku tatu. Tena amodiakwini, iliyomo katika dawa ya ASAQ inayotumika sana Kongo, inajulikana kwa kulegeza mwili siku za matibabu. Wanaoilalamikia hawadanganyi. Ulegevu huo hupita, na si sababu ya kukatiza dozi.

Tifoide ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu watu wengi hutibiwa ugonjwa wasio nao. Kipimo cha Widal kina jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili, siyo bakteria. Katika mji ambao maji yake hayaaminiki na watu wamekutana na vijidudu vya jamii hiyo mara nyingi, kingamwili hizo zinaweza kuwepo kwa mtu asiye mgonjwa hata kidogo. Tifoide ya kweli huja na homa isiyoachia, kichwa, tumbo, na huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Mtu asiye na homa, anayechoka tu baada ya kutembea, hapaswi kumezeshwa siprofloksasini kwa sababu ya Widal peke yake. Na kwa mkimbiaji kuna hasara ya ziada: dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru kano, hasa ile ya kisigino. Atakuwa ametibiwa uchovu kwa kitu kinachoweza kumkatisha mbio.

“Wekewa serumu moja, nguvu zitarudi”

Uongo, na ni uongo wa bei kubwa.

Lita moja ya serumu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Hiyo ni nishati ya ndizi mbivu mbili hivi. Lita ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, basi. Anayetapika, anayeharisha hadi kukauka, aliyepoteza damu, huyo serumu inamwokoa. Mtu anayeweza kunywa na kula hapati chochote kwenye chupa ambacho asingekipata mezani, ila anaongezewa tundu kwenye mshipa ambalo vijidudu wanaweza kuingilia. Nafuu anayoihisi ni ya kweli kwa saa chache: amelala, ametulia, amenyweshwa maji, kuna mtu amemshughulikia. Kesho yake sababu iko pale pale. Fedha ya serumu ingetosha kupima damu, na mara nyingi ingebaki ya kununua maharagi.

Vinywaji vya kuongeza nguvu viko katika fungu hilo hilo. Kafeini hufunika uchovu kwa muda, kisha hukunyima usingizi ambao pengine ndio uliokuwa umeukosa.

“Mwanaume anayekula vizuri hawezi kukosa damu”

Uongo. Na huu ndio mlango ambao ningemtaka kila mwenye uchovu wa namna hii apitie kwanza, mwanaume kwa mwanamke, kwa sababu kipimo chake ni rahisi na tiba yake inajulikana.

Oksijeni hubebwa na hemoglobini. Ikipungua, ukikaa huoni tofauti. Moyo unaziba pengo kwa kupiga haraka kidogo. Ni pale unapopanda mlima au kuinua mzigo ndipo pengo linafunuka: moyo unadunda masikioni, pumzi zinakata, miguu inakuwa mizito, macho yanafanya giza. Shirika la Afya Duniani husema mwanaume amepungukiwa damu akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Lakini viwango hivyo vimewekwa kwa watu wa usawa wa bahari. Mwili unaoishi juu hutengeneza hemoglobini zaidi, kwa hiyo shirika hilo hilo linaagiza kipimo kirekebishwe kulingana na kimo. Mwanamke wa Goma mwenye 12 kamili anaweza kuambiwa yuko sawa, na hayuko sawa. Muulize anayekupima kama amehesabu kimo cha mji.

Damu hupotea kwa njia nyingi. Kwa wanawake, hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu. Kwa wote, palu ya kurudiarudia, minyoo aina ya safura wanaonyonya damu utumboni kimyakimya, vidonda vya tumbo vinavyovuja bila maumivu makubwa, hasa kwa anayemeza ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo. Wapo pia wenye ugonjwa wa seli mundu. Ndiyo maana kusema “ana damu kidogo” hakutoshi. Lazima mtu aulize imekwenda wapi.

Kuna hali nyingine ambayo watu wachache wanaelezwa: unaweza kukosa madini ya chuma kabla hemoglobini haijashuka. Misuli nayo inahitaji chuma ili kuchoma chakula. Hapo kipimo cha kawaida hutoka kizuri na mgonjwa anaambiwa hana kitu, kumbe akiba yake imekwisha. Kipimo cha feritini ndicho kinachoionyesha. Jirani zetu wametupa ushahidi mzuri. Mjini Huye, Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma walilishwa kwa siku 128, kundi moja maharagi ya kawaida na jingine maharagi yaliyozalishwa ili yawe na chuma kingi. Kundi la pili lilipata chuma zaidi mwilini, na hemoglobini yao ilipanda. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Aina hizo za maharagi zimefika pia Kivu.

Je, sombe na lengalenga zinaongeza damu? Nusu kweli. Zina chuma, ila chuma cha majani huingia mwilini kwa shida. Kamulia ndimu, au kula chungwa au marakuja pamoja nazo, kitaingia zaidi. Weka sambaza kidogo. Chuma cha samaki na nyama hupokelewa vizuri na husaidia kile cha majani. Chai na kahawa ziache zikae saa moja au mbili mbali na mlo, maana zinaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma cha chakula hicho. Kuhusu vinywaji vyekundu, kwamba rangi yake inageuka damu: uongo. Na aliyekwisha kushuka sana hatapandishwa na mboga peke yake. Atahitaji vidonge, na atavimeza miezi, hata baada ya kujisikia vizuri, ili akiba ijae.

“Ni asidi imejaa kwenye misuli”

Uongo wa zamani ambao makocha wengi bado wanaufundisha. Laktati inayotengenezwa wakati wa mazoezi huondoka ndani ya saa moja hivi. Misuli inayouma kesho na keshokutwa imepata michubuko midogo na inajijenga upya. Hiyo ni kawaida. Isiyo kawaida ni mkojo kuwa mweusi kama kahawa baada ya kazi nzito: misuli inavunjika kweli na figo zimo hatarini, na mtu aende hospitali siku hiyo.

“Jana alitembea vizuri, leo hawezi kuamka; anajifanya”

Uongo, na ndio unaoumiza kuliko yote niliyoyataja.

Kuna uchovu ambao hauji wakati wa kazi. Mtu anafua nguo, anaenda soko la Virunga na kurudi, anacheka na majirani. Saa 12, 24, hata 48 baadaye anaangushwa: mwili mzima umekufa ganzi ya uchovu, kichwa kinauma, koo linawasha, fikra zimefunikwa na ukungu, usingizi wa saa kumi haumpi kitu. Hali hiyo inaweza kudumu siku kadhaa au wiki. Maumivu ya kawaida ya mazoezi hukaa kwenye misuli na kuacha akili safi. Uchovu huu hushika kila kitu. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliueleza kuwa dalili kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu, ambao mara nyingi huanza baada ya maambukizi. Janga la COVID liliwaongeza wagonjwa wake duniani kote. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha matokeo ya vipande vidogo vya misuli vilivyochukuliwa kutoka kwa watu wenye COVID ya muda mrefu, kabla na baada ya kuendesha baiskeli ya mazoezi. Baada ya jitihada hiyo, misuli yao ilionyesha madhara zaidi kuliko ile ya watu wazima wa afya. Anayesema wanajifanya aitazame misuli hiyo.

Kivu ya Kaskazini ina sababu yake ya kulijua jambo hili. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Goma yenyewe ilipata mgonjwa wake wa kwanza Julai 2019. Zaidi ya watu 1,100 walipona. Kule Liberia, baada ya mlipuko wa Afrika Magharibi, karibu manusura 1,000 walifuatiliwa na kulinganishwa na watu wao wa karibu. Manusura ndio waliolalamika zaidi uchovu, maumivu ya misuli na viungo, kichwa, kusahau. Wengi walipata nafuu kadiri miezi ilivyosonga. Kwa hiyo mama wa Beni au Butembo aliyetoka kituo cha matibabu na cheti mkononi, akashindwa na jembe aliloliacha, hakuwa mvivu na hakuwa akitafuta misaada. Alipona virusi, mwili wake ulikuwa bado safarini.

Hapa ndipo ushauri wa “zidisha mazoezi, utazoea” unapogeuka madhara. Kwa mtu aliyelegea kwa sababu ya kukaa miezi bila kusogea, ushauri huo ni mzuri: aongeze dakika chache kila wiki na nguvu zitarudi. Kwa anayeangushwa siku ya pili, kujilazimisha humrudisha nyuma. Mwaka 2021 taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, NICE, iliacha kupendekeza mazoezi ya kupandishwa hatua kwa hatua kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu. Wanachoshauriwa ni kuacha kazi kabla nguvu hazijaisha, kugawa mzigo wa siku, na kupumzika kabla ya kuchoka. Katika nyumba zetu hilo haliwezekani bila familia kukubali kwamba bidoni la leo lichukuliwe na mwingine.

“Ni mazuku”

Uongo kwa uchovu wa kila siku. Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na mashimoni. Humwua aliyeingia humo, watoto na mifugo kwanza kwa sababu wako karibu na ardhi. Haimfuati mtu mtaani kumchosha pole pole. Gesi ya kuogopwa nyumbani ni nyingine. Mbabula la makaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksaidi ya kaboni, nayo hushika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayepika na kulala humo ataamka na kichwa na miguu isiyo na nguvu. Kama uchovu wako unapungua ukitoka nje na kurudi ukirudi jikoni, toa jiko nje leo.

“Ni mawazo tu”

Mawazo, inawezekana. “Tu”, uongo.

Mji uliolala na milio ya risasi, uliokimbia lava tarehe 22 Mei 2021, uliobadilisha mikono mwishoni mwa Januari 2025, una watu wengi ambao hawajalala vizuri kwa muda mrefu. Asiyelala hajengi misuli wala hajazi akiba ya sukari ndani yake. Huzuni ya muda mrefu na hofu iliyokwama mwilini huchosha kwa uhalisia ule ule wa palu, na zina tiba. Goma ina kituo cha Tulizo Letu kwa kazi hiyo. Ongeza na tumbo: anayekula mara moja jioni kisha akakimbia alfajiri anadai mwilini kitu ambacho hakukiweka.

“Ametupiwa kitu”

Wanaosema hivyo wameona jambo la kweli wakalipa chanzo kisicho chake. Mtu anapungua kasi, anasikia baridi wakati wengine wanatoa jasho, sauti inakwaruza, ngozi inakauka, uso unavimba, mawazo yanatambaa. Tezi ya shingo ikilegea hufanya hivyo hasa. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilikuwa na watu wengi wenye rovu, na katika miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji, akiwemo François Delange, walichunguza huko uhusiano wa ugonjwa huo na ukosefu wa madini joto. Chumvi yenye madini hayo imepunguza tatizo sana, lakini tezi inaweza kulegea kwa sababu nyingine pia, hasa kwa wanawake. Kipimo ni cha damu, na tiba ni kidonge kimoja kwa siku.

Kisukari nacho hujificha hivi, kikiambatana na kiu na mkojo mwingi. Kifua kikuu pia: kikohozi cha wiki mbili na zaidi, jasho la usiku, kukonda. Dawa zake hutolewa bure. Na wanaomeza atenololi au propranololi kwa ajili ya presha wajue kwamba dawa hizo huzuia moyo usikimbie hata pale mlima unapoudai ukimbie. Wamwambie daktari, wasiache wenyewe.

“Ugonjwa wa moyo ni wa wazee na matajiri”

Uongo unaoua vijana. Koo la mtoto lisilotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayokula vali za moyo, na miaka kumi baadaye kijana anashindwa kumaliza nusu ya kwanza ya mechi. Dalili za kutosubiri ni hizi: kuzirai wakati wa mazoezi, kifua kubana, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, miguu kuvimba.

Kuna pia moyo unaochoka kwa sababu ya uzazi. Huanza kuelekea mwisho wa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuugua moyo. Anaanza kwa kuhema akitoka bombani, kisha anaomba mito miwili, kisha anaamka usiku akitafuta hewa. Mama wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiambiwe kwamba ni uchovu wa kunyonyesha.